Dada Yangu Yuko Ulaya

Moshi, 9 Februari 2003

Kaka Basili,

Shikamoo. Wifi naye mpe shikamoo yake, na Mama umpe ya kwanza kabla hujamsomea mengine, maana najua hizi barua unamsomea kwa sauti. Mimi ni mzima. Huku jua ni kali, nawaza ubaridi wa kwetu. Koti la Mama nimelipata kwenye mitumba, zito kabisa, nimempa kondakta wa gari la Babati. Likichelewa ulizia stendi.

Habari kubwa ni kwamba nimekubaliwa kusoma shahada ya uzamivu, huku nikiendelea kufundisha hapa chuoni. Najua ukiulizwa unasema mimi ni nesi. Sikulaumu. Ila nikueleze tena: mtu akiumwa akili, daktari anampa dawa akatulia. Baada ya hapo ni nani anamrudisha kwenye kupika, kulima, kukaa na wenzake, kwenda gulioni? Hiyo ndiyo kazi yangu, na hiyo ndiyo ninayoifundisha. Sasa nataka kuandika jinsi watu wa kwetu, Mbulu na Hanang, wanavyorudi kwenye maisha wakitoka hospitali. Desemba nitakuja kuwatembelea nyumbani kwao. Naomba unisaidie kuwapata.

Kazi hii niliichagua kwa sababu ya Shangazi Fabiola na kile chumba alichofungiwa. Hatujawahi kuliongea, lakini ndiyo sababu.

Usingizi umepungua kidogo. Ni kazi tu.

Mdogo wako,
Hilda


Dongobesh, 16 Machi 2003

Mdogo wangu Hilda,

Marahaba. Koti limefika, Mama amelivaa hadi kanisani na mchana wa jua. Miguu yake inamsumbua lakini anatembea. Maharage yameota vizuri. Mwaka huu wanunuzi wa Kenya wanakuja wenyewe na malori mpaka hapa sokoni. Tangu tuwe mkoa mpya mambo mengi yanaishia Babati, hakuna tena safari ya Arusha kwa karatasi moja.

Tumefurahi sana kwa masomo yako. Kwenye mkutano wa shule ya kata nilipewa kiti cha mbele, mwenyekiti akasema huyu ndiye kaka wa mwalimu wa chuo. Mama Eva alikuwa ananitazama, nikashindwa kuficha meno.

Sasa hili la kuwatafuta hao wagonjwa. Eva ameposwa, Hilda. Ni kijana wa Masakta, mtoto wa mzee Akonaay, watu wa ngano, watu wenye heshima. Unajua posa ilivyo, wanauliza kila kitu kuhusu ukoo. Wakisikia shangazi wa binti anazunguka vijijini akiulizia vichaa, wataanza kujiuliza anamtafuta nani. Subiri harusi ipite.

Na mambo ya Shangazi Fabiola tuyaache. Alishazikwa.

Lala, usisome usiku mzima.

Kaka yako,
Basili


Moshi, 4 Mei 2003

Kaka,

Shikamoo, na Mama, na wote, sina muda wa kuwataja mmoja mmoja. Nimepata jambo kubwa. Hatuhitaji kusubiri utafiti, tujenge kituo hapohapo Dongobesh, jengo la mawe, wagonjwa watoke Haydom, watoke Katesh, watoke Yaeda Chini hata kama barabara ni mbovu, tutanunua magari, nimeshamwandikia waziri na nimewaandikia watu wa Uswisi na nimechora ramani ukutani kwangu kwa sababu karatasi zilikuwa ndogo. Silali na sihitaji kulala, sijawahi kuwa na nguvu hivi. Kitanda nimempa mlinzi. Mkuu wa idara ameniambia nipumzike, ananionea wivu, hata wanafunzi wameanza kunitazama kwa jicho la wivu. Wewe utakuwa msimamizi wa ujenzi. Uza ng'ombe, anza kukusanya mawe. Eva asiolewe kwanza, nitamhitaji ofisini.

Nakuja kesho au keshokutwa.

H.


Dongobesh, 20 Julai 2003

Mdogo wangu Hilda,

Natumaini barua hii imekukuta unaendelea vizuri. Huku wote ni wazima. Mahindi tumevuna, si haba.

Nilipotoka huko kukuona, nilirudi salama. Mkuu wako wa idara ni mtu mwema, ndiye aliyepiga simu dukani kwa Wolfgang, pale penye mashine ya kusaga, mpaka nikaitwa, na ndiye aliyenionyesha njia ya wodini. Hakusema dukani ni jambo gani, na mimi sikusema. Wewe ulikuwa na usingizi wa dawa. Nilitaka nikae zaidi ila nilikuwa nawahi gari.

Nyumbani nimewaambia jambo la kuwatosha. Usiwe na wasiwasi juu ya hilo.

Watu wa Masakta wamepanga harusi mwezi wa tisa. Wewe usijisumbue na safari, pona kwanza. Na kwa sasa usiandike hapa nyumbani, barua zinafunguliwa na watoto. Nitakuandikia mimi.

Mama anakusalimu.

Basili


Moshi, 2 Novemba 2003

Kaka Basili,

Shikamoo. Uliniambia nisiandike, na hujaniandikia tangu Julai, kwa hiyo naandika. Nimeiweka mikononi mwa dereva mwenyewe, atakupa wewe.

Nimetoka wodini wiki iliyopita. Mara ya kwanza walinitoa mwezi wa nane. Nikaacha dawa kwa siri, nikarudishwa nikiwa chini kabisa. Sikuoga, sikula, nilitazama ukuta. Daktari ameniambia jina la ugonjwa, ni ule wa kupanda sana na kushuka sana. Nimeufundisha miaka mingi. Nilipousikia ukitajwa kwa jina langu nilitaka ardhi inifiche.

Nitakueleza mambo mawili, kwa sababu nikiyabeba peke yangu nitaumwa tena.

La kwanza. Wanafunzi wangu walikuja wodini kwa mafunzo yao. Ni mimi niliyeweka ratiba hiyo mwaka juzi. Nilipowasikia ukumbini nilijifungia chooni, nikajifunika kanga kichwani. Nesi akagonga, "Dada Hilda, toka, unaitwa kwenye kikundi." Nikatoka. Wengine walitazama sakafu, wakaniachia aibu yao niongeze kwenye yangu. Binti mmoja, Judith, akavuta kiti akakaa karibu nami. Akaniuliza, "Mwalimu, leo ungependa kufanya nini?"

Swali hilo nimewafundisha mimi, Basili. Huwa nawaambia mgonjwa asipangiwe, aulizwe. Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kuulizwa hivyo na asikute ndani yake kitu chochote anachokipenda. Lakini najua pia wanaandika nini kwenye taarifa zao, nikampa jibu la kumpendeza. Nikasema, "Ningependa kufagia." Nikafagia baraza huku wanafunzi wangu wananitazama. Judith akasema nimefanya vizuri.

La pili. Wolfgang wa mashine ya kusaga alimleta mama yake kutibiwa macho, akapita karibu na benchi nililokaa, nje ya wodi. "Mwalimu Hilda! Si tumesikia uko Ulaya?" Akaendelea, "Kwenye harusi ya Eva kaka yako alisimama akasema, dada yangu yuko Ulaya kimasomo, ametuma salamu. Tukapiga makofi."

Nikamjibu, "Nimerudi juzi. Nimekuja kumwona mgonjwa."

Nilikuwa nimevaa gauni la hospitali. Akalitazama gauni, akatazama chini, akasema, "Basi mwalimu, mpe pole mgonjwa wako."

Sikuandikii ili kukugombeza. Wewe ulidanganya ukiwa mbali. Mimi nilidanganya nimevaa gauni.

Eva alivaa nini?

Hilda


Dongobesh, 11 Januari 2004

Mdogo wangu Hilda,

Marahaba. Mwaka mpya umetukuta salama. Mama alipata homa wakati wa Krismasi, sasa ni mzima. Mvua ya vuli ilikuwa ya kutosha, tumepanda.

Barua yako niliipata siku zilezile. Nimeanza kuijibu mara nyingi nikashindwa.

Eva alivaa gauni refu jeupe la kukodi kutoka Babati, na Mama alimvalisha shanga zake za zamani. Alipendeza. Aliniuliza, "Mbona Shangazi hayupo?" Nikamwambia ndege ni ghali.

Habari ya Ulaya haikuanza kama uongo mkubwa. Niliporudi kutoka huko mama Eva aliniuliza, Hilda anaendeleaje? Wageni wa Masakta walikuwa wamekaa pale. Nikasema amesafiri kimasomo. Mmoja akasema, Ulaya? Sikukataa. Baada ya hapo neno lilikuwa linatembea lenyewe, watu wananipongeza njiani. Siku ya harusi walitegemea nitaje salamu zako, ningesema nini?

Na lile la kuwahi gari. Hapakuwa na gari siku ile. Nililala stendi hadi asubuhi. Uliamka ukaniita Baba, ukaniomba nikufungulie mlango, na mlango ulikuwa wazi. Nikamwona Shangazi Fabiola. Ndiyo maana niliondoka.

Wolfgang hajamwambia mtu. Nikipeleka mahindi kusaga ananisalimia vizuri kuliko zamani, ananiwekea gunia begani kwa mikono yake. Afadhali angenisema.

Kwenye barua yako ya pili uliuliza kama uje Krismasi. Niliiona, nikachelewa kujibu, mara sikukuu ikapita. Barabara nayo ilikuwa mbaya.

Kaka yako,
Basili


Moshi, 15 Februari 2004

Kaka,

Shikamoo. Nashukuru Mama amepona.

Barabara ilikuwa nzuri. Niliulizia stendi, magari yalikuwa yanakwenda kila siku. Niseme hilo tu, sitalirudia.

Nimerudi kufundisha, nusu ya vipindi. Dawa nakunywa. Mikono inatetemeka kidogo nikiandika ubaoni, naandika herufi kubwa ili isionekane. Utafiti umesimamishwa. Msimamizi wangu hakunifukuza, alisema kwa upole sana nichukue mwaka mmoja, kisha tuone. Nilimshukuru, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Siku hizi napita huko, kuna watu wachache.

Wiki hii kipindi kilikuwa cha kupona. Nikawasomesha kama kila mwaka, kwamba kupona si kurudi ulivyokuwa zamani, kwamba mtu anaweza kuwa na ugonjwa na bado akawa na maisha yake. Mwanafunzi mmoja akauliza nilikuwa wapi muhula uliopita. Nikasema malaria. Darasa zima likainamia madaftari. Nusu yao ndio walionitazama nikifagia.

Sijui nitaandika nini kuhusu watu wengine, wakati mimi mwenyewe nasema malaria.

Msalimu Mama. Kama bado anaamini niko Ulaya, usimpelekee salamu zozote kutoka huko.

Hilda


Dongobesh, 23 Mei 2004

Mdogo wangu Hilda,

Marahaba, na pole kwa kazi. Mvua ya masika imepita kiasi, vitunguu vimeoza kwenye bonde, mahindi yamesimama. Punda mdogo amekufa. Mama ni mzima.

Barua hii ni ndefu, isome umekaa.

Pasaka Eva alikuja kutusalimu. Nilipomsindikiza kuchota maji akaniambia, "Baba, kule kwangu kuna shemeji ambaye hakutajwa siku ya posa. Anaitwa Hilary, ni kaka mkubwa wa mume wangu. Analala chumba cha nyuma, mlango unafungwa kwa nje. Chakula nampelekea mimi. Nikiuliza wananiambia ni mchovu." Akaongeza, "Shangazi akirudi kutoka Ulaya aje amwone. Si ndiyo kazi yake?"

Nikamwambia tutaona. Nikaenda kuwatazama punda.

Hilda, sijalala vizuri tangu siku hiyo. Kila nikila namwona Eva na sahani. Wewe uliwahi kumpelekea Shangazi Fabiola chakula hivyohivyo, ukiwa mdogo, kwa sababu mimi nilikuwa naogopa, ingawa nilikuwa mkubwa kwako.

Wiki iliyopita nikapanda lori hadi njia panda, nikamalizia kwa miguu mpaka Masakta. Mzee Akonaay akafurahi, akataka kuchinja mbuzi. Nikamwambia subiri kwanza, nina neno. Njiani nilikuwa nimelipanga vizuri. Nilipokaa mbele yake lilitoka lote kwa mara moja.

"Dada yangu Hilda hakwenda Ulaya mwaka jana. Alikuwa Moshi, amelazwa. Aliumwa akili. Na shangazi yetu alikuwa hivyo. Tuliwaficha."

Nilikuwa naogopa atamrudisha Eva palepale. Nilitazama viatu vyake, sikuweza kumtazama usoni. Nje kuku walikuwa wanapigana.

Akasema, "Siku ya posa mlikaa hapohapo ulipokaa mkatuuliza kama kuna ugonjwa kwenye ukoo."

"Tuliwauliza," nikasema.

"Na sisi tukawauliza."

"Mlituuliza."

Hakuna aliyecheka. Akasimama, akanipeleka nyuma ya nyumba, akafungua mlango. Hilary amekaa juu ya gunia, amejifunga blanketi, ndevu ndefu, kijana mzuri wa sura kama mdogo wake. Akaniuliza, "Umekuja kunichukua?" Nikamwambia nimekuja kukusalimu. Nikampa mkono, akaushika muda mrefu. Safari hii sikukimbia. Lakini nilitaka, nisikudanganye.

Tulipotoka nikamweleza mzee Akonaay kazi yako, naye akaniuliza, "Dada yako mwenyewe aliumwa. Ataweza kumsaidia mwingine?" Nikamwambia nitakuuliza.

Mama nimemwambia pia. Alisema alijua tangu siku niliporudi kutoka Moshi, kwa jinsi nilivyokuwa napiga mswaki kwa nguvu. Alikuwa anangoja nimwambie mwenyewe. Amekasirika na mimi, si na wewe.

Sijawaambia watu wa Dongobesh.

Kaka yako,
Basili


Moshi, 13 Juni 2004

Kaka Basili,

Shikamoo. Mama shikamoo, mwambie nimelia na ni kilio kizuri. Wifi nisalimie.

Mjibu mzee Akonaay hivi. Sijui kama nitaweza. Asitegemee kwamba nitafika na Hilary akainuka. Kwanza apelekwe hospitali apewe dawa, nitakwenda naye mimi. Kisha mlango uachwe wazi, hata kama ni nusu siku, na chakula akilie na wenzake. Baada ya hapo nitakaa naye nimuulize angependa kufanya nini, na akikosa jibu nitanyamaza naye mpaka jibu litakapokuja, hata likichukua miezi. Hilo nimejifunza kwa gharama yangu.

Ukimwambia Hilary kwamba anakuja mwalimu kutoka Moshi, mwambie na hilo jingine, kwamba niliumwa. Nisingependa aniamini kwa sababu isiyo ya kweli.

Na asiogope kuandikwa. Msimamizi wangu aliposikia kuna mgonjwa wa Masakta akasema huo ungekuwa mwanzo mzuri wa utafiti. Nikakataa. Utafiti nitaurudia nikiweza, kwa watu wengine watakaokubali wenyewe. Huyu ni shemeji wa Eva.

Juzi niliwaambia wanafunzi. Sikupanga. Nilikuwa nawafundisha jinsi ya kukaa na mgonjwa anayejificha, nikasikia sauti yangu ikisema, "Mimi nilijificha chooni, wengine mliniona. Haikuwa malaria." Nilidhani nitajisikia mwepesi. Sikujisikia mwepesi. Uso ulinichoma mpaka masikio, nikamaliza kipindi nikishikilia meza. Judith alibaki kunifutia ubao.

Nilikuwa nafikiri aibu huondoka siku mtu akipona. Nimepona kiasi, yenyewe bado iko. Labda nitakuja nayo hivyohivyo, kama mtu anavyokuja na mafua.

Nitafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, na basi la mchana. Najua ni siku ya soko na watu watajaa. Nimeichagua kwa sababu hiyo. Usinisubiri nyumbani, Basili. Nisubiri stendi.

Hilda


Dongobesh, 20 Juni 2004

Mdogo wangu Hilda,

Marahaba. Barua imefika jana, hii nampa dereva huyohuyo anayegeuza leo.

Eva na mume wake watakuja Jumapili na trekta la mzee Akonaay kukuchukua, mwende kwa Hilary. Mama ameanza kusafisha chumba chako, hataki kusaidiwa.

Stendi nitakuwepo tangu asubuhi. Nitakaa upande wa mashine ya Wolfgang, pale watu wote wanapopita. Mtu akiniuliza namsubiri nani, nitamwambia namsubiri dada yangu, anatoka Moshi, alikuwa anaumwa.

Basili